Sungura wawili, boksi moja: uchambuzi wa kisa cha kuharisha kwa sungura walionunuliwa wakiwa wadogo mno

Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea wakati wa masika katika mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania. Nimeondoa majina, jina la soko na kila kitu kinachoweza kuitambulisha familia, na mama mwenye nyumba ameridhia kisimuliwe. Ninakiandika kama daktari wa mifugo, kwa ajili ya wazazi wanaowanunulia watoto sungura wa kufuga, na kwa wale wa maduka ya dawa ambao mara nyingi ndio huulizwa kwanza mnyama anapoharisha.

Binti wa miaka minane alikuwa ameahidiwa sungura akifaulu vizuri. Jumamosi ya soko familia ikanunua wawili wa uzao mmoja, dume mweupe na dume wa kijivu. Nitawaita Mweupe na Kijivu. Muuzaji alisema wana miezi miwili. Tulipokuja kuwapima na kuwaangalia umbo, tulikadiria kwamba walikuwa na wiki tano hivi, pengine hata hazijatimia. Kwa mnyama huyu, wiki tatu za tofauti ni jambo zito, na nitalirudia.

Walivyolishwa

Mama hakuwa mzembe, na ni haki hilo lisemwe mapema. Chakula kilikuwa kingi, safi, na kilibadilishwa mara kwa mara. Asubuhi walipewa mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya ng'ombe. Mchana kabichi na karoti. Jioni pumba ya mahindi iliyokandwa kwa maji ya uvuguvugu, na ugali ukibaki, nao ulikwenda huko huko. Boksi lao lilitandikwa nyasi kavu zilizofyekwa pembezoni mwa uwanja wa shule. Hizo nyasi zilihesabiwa kuwa malazi tu.

Hakuna aliyemuuliza muuzaji sungura hao walikuwa wakila nini kwake. Walitoka kwenye ziwa la mama yao na majani ya shambani, wakaingia kwenye mkate na pumba kwa siku moja.

Mweupe alikuwa mchangamfu, wa kwanza kufika kwenye bakuli. Kijivu alikuwa mwoga. Akisogea anasukumwa, anarudi pembeni. Habari hii hatukuipata kwa mama bali kwa dada anayesaidia kazi za nyumbani, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda nao. Alikuwa amesimama mlangoni bila kusema kitu hadi nilipomgeukia yeye na kumuuliza. "Huyu wa kijivu, daktari, chakula alikuwa hapati kabisa. Alikuwa anakula matandiko yake."

Mambo yalivyokwenda

Siku mbili za kwanza kila kitu kilionekana shwari. Jumanne asubuhi dada alikuta boksini kinyesi laini, cheusi, kinachong'aa, kimeshikana kichala. Akakifuta akidhani wameanza kuharisha. Kumbe hicho kilikuwa kinyesi laini kinachotoka kwenye sikamu, ule mfuko mkubwa ulio kwenye maungio ya utumbo mwembamba na utumbo mpana. Sungura mzima hukichukua moja kwa moja kwenye tundu lake la nyuma, usiku au alfajiri, akakila. Humo mna protini, vitamini za kundi B na bakteria wake mwenyewe. Kwa kawaida mfugaji hakioni kabisa. Kikionekana kimeachwa sakafuni, mara nyingi maana yake ni kwamba chakula kina wanga au protini ya kupita kiasi na mnyama hana hamu ya kukirudia. Kwa hiyo dada aliona dalili ya kweli, ila si ile aliyoidhania.

Jumatano Mweupe akaanza kuharisha hasa: maji yenye ute, manyoya ya nyuma yamelowa. Duka la dawa za binadamu lilikuwa karibu, daktari wa mifugo yuko mbali, na mvua ilikuwa inanyesha. Ikanunuliwa kapsuli ya amoksilini, ikafunguliwa, unga wake ukachanganywa na maziwa. Mweupe akanywa. Kijivu alionja akaacha.

Alhamisi Mweupe hakula chochote. Alijikunja pembeni, akisaga meno. Kwa sungura sauti hiyo, ikiwa nzito na inaendelea, ni sauti ya maumivu. Usiku wa kuamkia Ijumaa akafa. Ijumaa asubuhi mama alifika kliniki na boksi moja lenye wote wawili, maiti ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Binti alikuwa ameng'ang'ania kuja.

Hali ya Kijivu alipofika

Uzito gramu 540. Joto nyuzi 37.1, wakati sungura mzima huwa kati ya 38.5 na 39.5, au juu kidogo ya hapo. Masikio ya baridi. Ngozi ya shingoni ikivutwa ilichelewa kurudi, nikakadiria kwamba alikuwa amepoteza maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake. Tumbo lilikuwa na gesi kiasi lakini halikukaza. Kwa stetoskopu sauti za utumbo zilikuwepo, chache. Nyuma palikuwa na ute na punje tatu ndogo za kinyesi zilizopinda.

Punje hizo tulizisaga kwenye maji ya chumvi iliyokolea, tukaacha mayai ya vimelea yaelee juu, tukaweka kioo chini ya hadubini. Kulikuwa na koksidia, vimelea vidogo sana vya utumbo, tena si wachache. Hilo halikutushangaza, kwani sungura wa umri ule waliokaa mahali palipo na unyevu mara nyingi huwa nao.

Tulichoamua, na kwa nini

Kwanza joto, kabla ya chakula. Kumlisha kwa nguvu mnyama aliyepoa ni kuujaza utumbo usiosogea. Chupa mbili za maji ya moto zilifungwa kwenye khanga zikawekwa pande zake mbili, na nafasi ikaachwa ya yeye kusogea akizidiwa.

Pili maji. Sungura huhitaji mililita 100 hivi kwa kilo kwa siku, yaani kwake 54, na kuongeza 43 za kufidia upungufu. Tulimpa dripu iliyopashwa moto chini ya ngozi, kwa mafungu. Dawa ya maumivu ilingoja mpaka maji yaingie, kwa sababu dawa za kundi la meloksikamu huumiza figo za mnyama aliyekauka.

Tatu, amoksilini ikasimama hapo hapo. Kwa koksidia tulichagua dawa ya salfa yenye trimethoprimu, iliyopimwa kwa uzito. Dawa hiyo tumbo la sungura huivumilia na inawakabili koksidia. Hatukuongeza antibayotiki nyingine yoyote.

Nne, kila kilichokuwa kwenye bakuli kiliondolewa: maziwa, mkate, pumba, karoti, kabichi. Zikabaki nyasi kavu na maji safi. Mama alishtuka. "Daktari, mgonjwa nimnyime chakula?" Nikamwambia, mama, nyasi ndicho chakula, vile vingine ndivyo vimemfikisha hapa. Joto lilipopita nyuzi 38 tulianza kumpa kwa bomba la sindano uji wa peleti za sungura zilizolowekwa na kuchujwa, kidogo kidogo, tukimpa nafasi ya kutafuna na kumeza.

Mama alipendekeza mtindi ili kurudisha bakteria. Nilikataa, kwa kuwa bakteria wa mtindi si wenyeji wa tumbo la sungura, na sukari ya maziwa haimfai mnyama anayeharisha. Tulifikiria pia kumpa kinyesi laini cha sungura mkubwa mwenye afya, njia inayojulikana na yenye mantiki. Sungura mkubwa tuliyeweza kumpata hakuwa amepimwa vimelea, tukaiacha.

Mwili wa Mweupe

Kwa ruhusa ya familia tulimfungua. Tumbo la chakula lilikuwa na donge la mkate na pumba ambalo halijasogea. Sikamu ilikuwa imevimba kwa gesi, ndani mna maji ya kahawia yenye harufu kali, na kwenye ukuta wake, upande wa nje, madoa mekundu ya damu. Kwenye utumbo mwembamba palikuwa na vidoa vyeupe vinavyoelekea kuwa vya koksidia. Nilipaka maji ya sikamu kwenye kioo na kukitia rangi: bakteria wengi waliojisokota, wa umbo la Clostridium spiroforme, bakteria anayetoa sumu. Kupima sumu yenyewe hakuwezekani kliniki ndogo, lakini historia, ukuta wa sikamu na kioo kile vilielekeza upande mmoja.

Binti aliuliza kama ni yeye aliyemuua kwa karoti. Nilimjibu kwamba hapana, na ni kweli. Karoti peke yake isingetosha.

Siku zilizofuata

Jioni ile joto lilifika 38.4. Kijivu aliyakataa mashina magumu ya nyasi, akakubali majani membamba yaliyochambuliwa kwa mkono. Jumamosi asubuhi kulikuwa na punje chache za kinyesi, ndogo, nyeusi, zisizolingana. Akarudi nyumbani na maelekezo, akiletwa kliniki kila siku kumaliziwa dripu.

Siku ya tatu kinyesi kililainika tena. Dada akasema ukweli bila kusukumwa: mtoto alimpenyezea kipande cha karoti kwa huruma. Kumkaripia kusingesaidia kitu, kwa hiyo tulimpa kazi. Kila asubuhi alikusanya punje za kinyesi na kuzipanga kwenye daftari la hesabu la mirabaraba, punje moja kwenye kila mraba, kisha akaandika tarehe na idadi. Ukurasa wa kwanza punje hazikujaza hata nusu ya mraba, tena zilikuwa nyeusi. Kurasa za mwishoni mwa wiki ya pili zilikuwa zimejaa, punje za duara, rangi ya udongo wa manjano, na ukiivunja moja unaona ndani vipande vya nyasi kama vilivyokatwa kwa mkasi. Nimeona ripoti za maabara zisizosema mengi kama daftari lile.

Baada ya wiki tatu alikuwa na gramu 830. Kinyesi kilichopimwa upya kilikuwa na koksidia wachache sana.

Uchambuzi

Ukimuuliza mtu wa mtaani kilichomuua Mweupe atakwambia ni baridi, au kabichi. Mtu wa duka la dawa za mifugo atakwambia ni koksidia. Kwa maoni yangu, vimelea na baridi vilipita kwenye mlango uliokwisha funguliwa na bakuli, kisha amoksilini ikaubomoa.

Tuanze na umri. Mtoto wa sungura hunyonya mara moja tu kwa siku, dakika chache, na huanza kudonoa chakula kigumu akikaribia wiki tatu. Kwa muda wote anaonyonya, tumbo lake halina asidi kali kama la mkubwa. Kinachomlinda ni asidi za mafuta zinazotokana na maziwa ya mama yake, ambazo huzuia bakteria wabaya. Maziwa ya ng'ombe hayatengenezi kinga hiyo, na hata kwa mafuta na protini hayakaribii ya sungura. Ukimtoa kwa mama akiwa wa wiki nne au tano, kinga ya maziwa imeondoka na asidi ya utu uzima haijakolea. Katika pengo hilo kila kinachomezwa kinashuka kikiwa na wadudu wake hai. Ndiyo maana kwa sungura wa kufugwa nyumbani ninashauri wiki nane, na chini ya sita nisingemnunua hata kwa bei ya kutupa.

Halafu wanga. Sikamu ya sungura ni kubwa kuliko tumbo lake la chakula mara nyingi, na hufanya kazi kama kibuyu cha mtindi: ina chachu yake, na ukitia kitu kisichoihusu, kinaharibika chote. Sungura mdogo bado hana uwezo wa kutosha wa kumeng'enya wanga kwenye utumbo mwembamba. Mkate, ugali na pumba yenye unga mwingi hupita nusu vikiwa vibichi, hufika kwenye sikamu, na huko huwa karamu kwa klostridia, bakteria wa jamii ile tuliyoiona kwenye kioo. Nyuzinyuzi hufanya kinyume. Zile ndefu, ngumu, ambazo sungura hata hazimeng'enyi, ndizo zinazosukuma utumbo usisimame. Utumbo ukisimama, gesi haina pa kwenda, na sungura hawezi kutapika.

Watu hushangaa kwamba nyasi kavu inaweza kuwa bora kuliko kabichi mbichi. Sungura huyu wa kufugwa, Oryctolagus cuniculus, asili yake ni rasi ya Iberia, nchi ya kiangazi kirefu na majani makavu. Si ndugu wa karibu wa sungura wa porini kwetu, ambaye ni wa jenasi nyingine, Lepus. Tumbo lake liliumbwa kupokea kingi chenye lishe ndogo. Hata meno yake, yanayokua maisha yote, yanategemea kusagana na nyasi.

Amoksilini ndiyo ninayotaka wasomaji waikumbuke kuliko yote. Dawa za jamii ya penisilini zikinyweshwa kwa mdomo, pamoja na linkomisini na klindamisini, huwaua bakteria wema wa sikamu na kuwaachia klostridia uwanja. Dawa inayomponya mtoto wa binadamu inaweza kumuua sungura kwa siku chache, hata kama kipimo ni kidogo. Aliyeiuza hakujua kwamba inakwenda kwa sungura, maana hakuambiwa. Ningependa kuona kila duka likiuliza, "Ni ya mtu au ya mnyama?"

Sasa Kijivu. Ndugu wa tumbo moja, umri mmoja, boksi moja, koksidia wale wale. Tofauti tunazozijua ni mbili: yale maziwa yenye dawa aliyaonja tu, na alikuwa akila matandiko. Kisa kimoja hakithibitishi kanuni, na sina njia ya kutenganisha uzito wa sababu hizo mbili. Lakini ninaamini kwamba siku zile alizosukumwa mbali na bakuli, akijitafunia nyasi za uwanja wa shule, ndizo zilizouweka utumbo wake ukisogea mpaka Ijumaa. Mnyama aliyeonekana kuonewa alikuwa anakula chakula sahihi.

Yaliyofaa, na yaliyokwama

Joto kabla ya chakula lilifaa. Kumuuliza dada wa kazi kulifaa kuliko kipimo chochote. Bila yeye tungebaki na maelezo ya "anakula vizuri". Daftari la binti lilifaa kwa sababu lilimpa mtoto njia ya kumpenda sungura isiyopitia mdomoni mwake.

Usafi ulichelewa kushika. Vijiyai vya koksidia vinapotoka kwenye kinyesi bado haviambukizi. Vinahitaji siku moja au zaidi kukomaa kwenye joto na unyevu. Ndiyo maana sungura anayekula kinyesi chake laini moja kwa moja hajiambukizi, ila anayelala juu ya kinyesi cha jana na juzi anajiambukiza. Dawa nyingi za kusafishia hazivigusi. Vinavyoviweza ni maji yanayochemka, jua kali, na kufagia kila siku bila kuruka. Boksi la karatasi haliwezi kumwagiwa maji ya moto, na kwenye masika jua halipatikani, kwa hiyo wiki ya kwanza tulikuwa tunapigana kwa mkono mmoja. Hali ilibadilika fundi wa mtaani alipotengeneza banda la mbao lenye sakafu ya wavu na ubao wa kulalia, na kihori cha nyasi kilichoinuliwa ili zisikojolewe.

Chakula kipya kiliingizwa polepole. Siku kumi za mwanzo nyasi tu na peleti kidogo zenye nyuzinyuzi nyingi. Baadaye aina moja ya majani kwa wakati, kipande cha kiganja, kisha kungoja siku mbili na kuangalia daftari: kishonanguo kwanza, halafu majani ya viazi vitamu, halafu mchicha. Lusani kavu (alfalfa) aliruhusiwa kwa sababu bado anakua. Mkubwa hupewa nyasi za kawaida, kwani lusani ina kalsiamu nyingi. Nilikataza pia chakula cha kuku, ambacho mama alidhani ni njia rahisi. Baadhi ya dawa za koksidia zinazowekwa humo, kama narasini, ni sumu kwa sungura.

Upatikanaji wa nyasi ndio uliomsumbua mama kuliko gharama. Alitafuta kwenye maduka ya wanyama, akakosa. Kumbe jirani wa nyumba ya tatu anafuga ng'ombe wa maziwa na hununua marobota ya nyasi za Rhodes kwa lori. Sasa humuuzia mama mfuko mmoja kila mwisho wa mwezi. Mama ameshajua kuzinusa kwanza: zikinuka ukungu au zikitoa vumbi, zinarudi kwa ng'ombe, na kama ukungu umeonekana kwa macho hazirudi kwa yeyote.

Familia imeamua kumtafutia Kijivu mwenzake. Nimewaomba wamwone mama wa huyo mtoto kabla ya kulipa, waulize anakula nini, waondoke na mfuko wa chakula hicho hicho cha wiki moja, na wamweke kwenye banda lake peke yake hadi kinyesi chake kipimwe. Muuzaji wa kwanza walimrudia wakamweleza yaliyotokea. Alisikiliza, akasema wateja wanapenda wadogo kwa sababu ndio wanaovutia. Mama akamwambia kwamba yeye atamsubiri wa wiki nane, na atamlipa zaidi.